Somo: Namna ya kuandika "siku kama ya leo" bila kuboronga tarehe (mfano wetu 7 Aprili)

Salaam aleikum na hamjambo nyote. Huku Mombasa siku hizi kila grupu la WhatsApp lina mtu wa "siku kama ya leo", skuli zabandika kwenye ubao, hata kuna madrasa imeweka karatasi mlangoni, na mimi napenda sana hilo jambo lakini nyingi zafanana manake mtu yuwachukua orodha ya Kiingereza kwa intaneti, akata mistari kumi, aipitisha kwa tafsiri ya simu kisha apost. Basi kijana wa Majengo asoma kwamba tarehe 7 Aprili ndiyo alozaliwa Jackie Chan (ni kweli, 1954) na hajui kwamba tarehe hiyo hiyo ndipo Vasco da Gama alipotia nanga mbele ya Mombasa. Hapa hapa kwetu.

Hatua ya 1: Kusanya kwanza, usichague

Chukua daftari au noti za simu, andika tarehe juu, halafu mwaga kila unachokipata bila kujali kama kitatumika. Kwa 7 Aprili utapata haya: 1498 Vasco afika Mombasa, 1795 Ufaransa yapitisha sheria ya vipimo vya mita, 1939 Italia yaivamia Albania, 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani yaanza kufanya kazi, 1969 yatolewa ile karatasi ya kwanza kabisa ya wale waliokuwa wakijenga mtandao uliokuja kuwa intaneti, 1971 Josina Machel afariki Dar es Salaam, 1972 Sheikh Abeid Amani Karume auawa Zanzibar, 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaanza Rwanda. Hapo sijagusa waliozaliwa na waliokufa, wale hawamaliziki na kusema kweli ndio wanaojaza nafasi bure.

Tazameni vizuri. Kati ya hayo manane, manne ni ya Afrika Mashariki na jirani zake, na kwenye orodha nyingi za Kiingereza utakuta moja, wakizidi mbili.

Hatua ya 2: Kila tukio liulize limefikaje hapa

Hii ndiyo hatua watu huiruka na ndiyo roho ya somo lote. Matukio mawili kuwa tarehe moja si ushahidi wa chochote. Mwaka una siku 365 na dunia ina mambo kila dakika, lazima yagongane. Kwa hivyo kila moja ulitie katika fungu lake.

Fungu la kwanza ni sadfa tupu. Italia kuingia Albania na Karume kupigwa risasi havina uhusiano, usitafute.

Fungu la pili ni siku iliyozaliwa na tukio. Siku ya Afya Duniani huadhimishwa 7 Aprili kwa sababu ile katiba ya 1948 ilianza kufanya kazi siku hiyo. Angalia hapo, si siku ilipotiwa saini. Saini zilitiwa New York tarehe 22 Julai 1946, ikabidi ingojee nchi za kutosha ziidhinishe. Ukiandika "leo shirika lilitiwa saini" ushaboronga. Vilevile Msumbiji, 7 Aprili ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji na ni sikukuu ya taifa, na asili yake ni kifo cha Josina, mpiganaji wa FRELIMO (chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji) na mke wa Samora Machel, aliyefariki akiwa na miaka 25 tu. Na Tanzania ina Siku ya Karume, hiyo nayo sababu yake yajulikana.

Fungu la tatu ni tarehe iliyochaguliwa na mtu makusudi, na hapo mfano wetu uko nyumbani, nitaueleza kwenye maswali manake najua mtu atauliza.

Ukishayagawa hivi post yako inaanza kuwa na akili, msomaji aona lipi limezaa lipi na lipi limepita njia tu.

Hatua ya 3: Kalenda gani?

Sasa tukaze kidogo. Vasco da Gama alifika mbele ya Mombasa Jumamosi 7 Aprili 1498, tarehe hiyo twaijua kwa sababu mmoja wa waliokuwa kwenye msafara aliandika daftari la safari na lipo mpaka leo. Lakini wakati huo Wareno walitumia kalenda ya Julius. Kalenda tunayotumia sisi, ya Gregori, ilianza 1582, na Ureno iliingia mwaka huo huo, watu wakalala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Kwa mwaka 1498 tofauti ni siku tisa, yaani ukihesabu kwa kalenda ya leo meli zile zilifika tarehe 16 Aprili.

Je, uandike 7 au 16? Mimi naandika 7, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye daftari na ndiyo vitabu vyote vyatumia, kisha naongeza maneno mafupi "kwa kalenda ya zamani". Yatosha. Kosa ni kuchanganya, leo waandika kwa ya zamani kesho kwa mpya. Warusi wana mfano mashuhuri, mapinduzi yao ya 1917 waliyaita ya Oktoba manake kwao ilikuwa tarehe 25 Oktoba, kwa nchi nyingi nyingine ilikuwa 7 Novemba. Uingereza yenyewe ilibadilisha 1752. Kwa hivyo ukikuta tukio la Ulaya la zamani na vitabu viwili vyapishana siku tisa, kumi au kumi na moja, usimwite mtu muongo, angalia kalenda kwanza.

Na sie huku twaishi na ya Hijria kila siku, siku yenyewe yaanza magharibi jua likizama. Mwaka 1498 watu wa Mombasa walikuwa wanahesabu 903.

Hatua ya 4: Jihadhari na usiku

Mambo makubwa mengi yametokea usiku na hapo tarehe huteleza. Rwanda ndiyo mfano. Ndege ya Rais Habyarimana, akiwa pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa Kigali jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, saa mbili na kitu usiku, wakirudi kutoka mkutano Dar es Salaam. Mauaji yakaanza usiku ule, na tarehe 7 waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa pamoja na askari kumi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Kwa hivyo ndege ni 6, kumbukumbu ya mauaji ni 7. Wengi huandika "leo 7 Aprili ndege ya rais ilitunguliwa". Hapana.

Ujanja mmoja wa bure: gazeti la tarehe 8 huandika habari za tarehe 7. Watu hunakili tarehe ya gazeti wakadhani ndiyo ya tukio, kosa hilo likishaingia mahali hupokezanwa miaka na miaka.

Hatua ya 5: Chagua, kisha panga kwa adabu

Matano yatosha, saba ni mengi. Anza na la karibu na wasomaji wako. Na tafadhali msiba usiukalishe ubavuni mwa bethidei, mtu yuwasoma habari za Rwanda mstari wa chini wakutana na puto na keki. Yanayohuzunisha yapange pamoja, mepesi yaache yakae chini au yaondoe kabisa kwa siku hiyo. Mimi 7 Aprili siweki bethidei hata moja.

Hatua ya 6: Moja lisimulie

Hapa sasa ndipo utamu. Manne yaandike mstari mmoja mmoja, la tano lipe aya nzima. Mfano wangu ni huu:

"7 Aprili 1498 (kalenda ya zamani): Vasco da Gama atia nanga mbele ya Mombasa bila kuingia bandarini. Mfalme wa Mombasa ampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Mambo yakaharibika baada ya siku chache, meli zilipotaka kuingia marubani waliotoka Msumbiji walijirusha baharini wakakimbia, Wareno nao wakawatesa watu wawili waliokuwa nao kwa kuwamwagia mafuta ya moto wapate kusema kuna njama gani. Usiku huo wakaja watu wakiogelea kimyakimya, wakaanza kukata kamba ya nanga ya meli iitwayo Berrio. Walinzi mwanzo wakadhani ni jodari. Walipogundua ni watu wakapiga kelele. Tarehe 13 wakaondoka kwenda Malindi, na huko wakapokewa vizuri."

Hilo la jodari mimi halinitoki akilini. Mtu yeyote aliyekaa ufuoni usiku ataelewa, na ndio maana nasema detali moja kama hiyo yashinda orodha ya miaka ishirini. Usiongeze chako lakini, ukianza kuandika "mfalme alitabasamu" ushaingia hadithi.

MASWALI YA WANACHAMA

BintiKibokoni: Ahsante kwa somo. Mimi naandikia madrasa, sasa Maulidi na Idi nitaziwekaje na kila mwaka zahama?

Jibu: Dada, weka daftari mbili, usizichanganye. Mwaka wa Hijria ni pungufu kwa siku kama 11, kwa hivyo Maulidi, 12 Rabiul Awwal, yazunguka miezi yote ya kizungu kwa takriban miaka 33. Usiseme "Maulidi ni tarehe fulani ya Septemba", sema ni 12 Rabiul Awwal kisha taja mwaka huu imeangukia wapi. Hata Pasaka yahama. Kuna mwaka zilikutana, 7 Aprili 2023 ilikuwa Ijumaa Kuu na sisi tuko ndani ya Ramadhani, hiyo unaweza kuitaja vizuri sana lakini ni ya mwaka ule tu, usiibandike kila mwaka.

MzeeWaFeri: Kijana, kwani Jamhuri na uhuru vyote viliangukia 12 Desemba? Au twafundishwa vibaya?

Jibu: Shikamoo mzee wangu, swali hili nililingoja. Vyote viwili ni sawa. Uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. Si bahati, serikali ilichagua tarehe ile ile mwaka mmoja baadaye. Hilo ndilo fungu la tatu nililosema. Linganisha na 20 Oktoba, siku ile ya 1952 hali ya hatari ilitangazwa na usiku huo kuamkia tarehe 21 kina Kenyatta wakakamatwa, ndipo ikawa Siku ya Kenyatta miaka mingi na baada ya katiba ya 2010 ikawa Mashujaa. Tarehe ni ile ile, anayekumbukwa ndiye aliyebadilika.

Kuze_254: Bro mi natoa tu kwa simu, nijuaje hii ni kweli hii ni porojo

Jibu: Tafuta sehemu mbili ambazo hazikunakiliana. Ukikuta maneno ni yale yale mpaka koma, hiyo ni sehemu moja imevaa nguo mbili. Na kama tukio ni la nchi fulani, tafuta wenyewe wasemaje: ya Karume soma ya Zanzibar, ya Josina soma ya Msumbiji hata kama Kireno kitakusumbua, tarehe na majina utayaona.

MwalimuLikoni: Wanafunzi wangu ni wa darasa la nne. Rwanda niiweke kweli?

Jibu: Mwalimu, mimi naona uiweke, lakini kwa mstari mmoja: leo Wanyarwanda na Umoja wa Mataifa wanawakumbuka waliouawa 1994. Picha hapana. Wakiuliza zaidi utawajibu kwa kiasi chao, wewe ndiye uwajuaye. Ile aya ndefu wape ya Vasco, lakini lile la mafuta ya moto liondoe, mpaka jodari watakuwa wamekusikiliza.

Nahodha_Mdogo: Umemwacha Ibn Majid! Si ndiye aliyemuongoza Vasco kutoka Malindi hadi India?

Jibu: Nimemwacha kwa makusudi ndugu, huyo nahodha mashuhuri wa Kiarabu. Kwanza si ya 7 Aprili, safari ya Malindi kwenda India iliondoka 24 Aprili na kufika Calicut 20 Mei. Pili hadithi hiyo imeenea sana lakini wanahistoria wengi wameikataa, na João de Barros, mwanahistoria wa Kireno aliyeandika karne ya 16, amtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat. Ukiiandika basi andika "yasemekana", na mimi heri niandike lingine.

BintiKibokoni: Swali dogo tena, 29 Februari je? Miaka mitatu niache wazi?

Jibu: Hahaa, hapana. Matukio yake yaweke 28 lakini tarehe yenyewe iandike wazi "29 Februari, mwaka fulani". Usiibadilishe ili ilingane na siku ya kupost. Na ukipata muda nitumie ya 1 Juni ulivyoipanga niitazame, Madaraka 1963 iwe juu kabisa.