Kabla mwanangu hajatundikiwa mfuko

Mwanangu ana hemofilia A, ugonjwa unaofanya damu isigande vizuri, na kila tukienda hospitali nabeba daftari la kaunta. Kabla hawajamtundikia chochote, uliza kwanza: faktari 8 (protini ya kugandisha damu inayompungukia) ipo? Hiyo huchakatwa kiwandani ili kuua virusi, kama vya homa ya ini na VVU. Plazma (majimaji ya damu) na krayo (sehemu ya plazma yenye faktari 8 nyingi) tunazopewa huku kwa kawaida hupimwa tu, na kipimo kinaweza kumkosa mchangiaji aliyeambukizwa juzijuzi, bado yuko kwenye kipindi cha dirisha, yaani siku ambazo kipimo bado hakioni virusi. Lakini faktari ikikosekana na mtoto anavuja, usikatae mfuko. Damu ikivujia kichwani haisubiri.

Nakili tarehe, aina na namba ya mfuko. Muuguzi mmoja alinicheka, nikaendelea kuandika.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Omba sindano nyembamba, na daktari akikubali ichomwe chini ya ngozi badala ya kwenye msuli. Kisha bana pamba angalau dakika 10 bila kuchungulia. (Wangu huhesabu kwa sauti, akiruka namba.)

Homa ya ini C haina chanjo, ila vidonge vya kuiponya vipo, mradi igundulike. Kila mwaka apimwe hiyo, B na VVU. Majibu nayabandika daftarini.