Kutambua madini kwa picha za EMIT ndani ya QGIS: soma bonde kabla ya kuamini jina

Tangu EnMAP-Box, programu-jalizi ya QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), ianze kufungua picha za EMIT moja kwa moja, nimeulizwa na watu wa Nakuru, Kisumu hadi Homa Bay namna ya kutambua madini kwa picha hizo. Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe. Hatua ya nne nitaikalia zaidi, kwa maana hapo ndipo nilipoumia.

EMIT ni chombo cha NASA kilichorushwa Julai 2022 na kufungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Huugawa mwanga unaorudi kutoka ardhini katika bendi 285, kuanzia nanomita 380 hadi 2500. Pikseli moja ni kama mita 60 kwa 60. Data ni bure, na EnMAP-Box nayo ni bure.

Hatua ya 1. Fungua QGIS, nenda kwenye menyu ya programu-jalizi, tafuta EnMAP-Box uisakinishe. Ikikuambia kuna vifurushi vya Python vinavyokosekana, visakinishe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2. Fungua akaunti ya Earthdata, tovuti ya data ya NASA, chora kisanduku juu ya eneo lako, chagua bidhaa ya L2A. Hiyo tayari imeondolewa athari za hewa. Tafuta picha za kiangazi, Januari au Februari, mawingu yakiwa machache.

Hatua ya 3. Faili ulilopakua ni la aina ya NetCDF; usiliburute ovyo ndani ya QGIS. Halijanyooshwa kufuata ramani, na ziwa litakaa mahali pasipo pake. Tumia zana ya kuingiza EMIT L2A iliyomo ndani ya EnMAP-Box. Itainyoosha picha na kuziwekea bendi urefu wa mawimbi yake.

Hatua ya 4. Washa zana ya kuchukua spektra, yaani mchoro wa mwakisiko (sehemu ya mwanga inayorudi) kwa kila urefu wa wimbi, bofya pikseli, mchoro utokee. Sasa tafuta mabonde, yaani mahali mchoro unaposhuka kwa kuwa mwanga ulimezwa; namba zinazofuata ni nanomita. Kaolinaiti ina bonde pacha, dogo karibu na 2165 na kubwa karibu na 2205. Maika nyeupe ina moja tu karibu na 2200. Kalisaiti iko karibu na 2340, dolomaiti karibu na 2320. Hematiti huonekana karibu na 860, getaiti karibu na 900 na kitu.

Kina cha bonde kipime kwa mkono angalau mara moja ndipo ukielewe. Vuta uzi, yaani mstari ulionyooka, kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine. Tuseme ukingo wa 2120 una mwakisiko wa 0.42, ukingo wa 2245 una 0.40, na chini kabisa, kwenye 2205, pana 0.33. Uzi ukipita juu ya 2205 unasoma kama 0.406. Gawanya 0.33 kwa 0.406, toa jibu kwenye 1: kina ni 0.19. Hilo ni bonde zuri. Likiwa 0.02, tembea polepole.

Sasa kilichoniumiza. Niliwahi kuchora ramani ya kabonati (kundi la kalisaiti na dolomaiti) kuzunguka vilima vya Homa, nikiiachia programu ilinganishe kila pikseli na spektra za madini yanayojulikana. Mlima Homa una kabonatiti, mwamba wenye kabonati nyingi, kweli, kwa hiyo nilipoona rangi imesambaa hadi mashambani nilifurahi. Nilipofika kwa miguu nikakuta mabua makavu ya mahindi. Majani makavu nayo yana bonde karibu na 2300, na programu ililipachika jina la kabonati kwa kuwa ndilo lililokaribia. Dawa yake ni kuangalia 2100: mabua yana bonde hapo pia, kalisaiti haina. Tangu siku hiyo siangalii alama ya ulinganifu inayotolewa na programu kabla sijaangalia 2100.

Hatua ya 5. Hifadhi spektra kwenye maktaba. Katika matoleo ya karibuni maktaba ni tabaka la ramani kama tabaka lingine, kwa hiyo kila spektra hubaki na mahali pake, na unaweza kuongeza safu ya maelezo: tarehe, hali ya udongo, ulichokiona ulipofika. Ijaze. Ingiza pia spektra za madini za maktaba ya 2017 ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, lakini zipunguze kwanza zilingane na bendi za EMIT, la sivyo utalinganisha mchoro laini na wa ngazi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Gilgil: Mwalimu, machimbo ya Kariandusi ni meupe tu. Nitajuaje kama ni daiatomaiti au kaolinaiti?
Jibu: Angalia umbo. Daiatomaiti ni silika yenye maji, bonde lake baada ya 2200 ni pana na moja. Pacha likionekana, kuna kaolinaiti. Bonde la maji la 1900 usilitafute kwenye EMIT, mvuke wa hewani unalifunika.

Mwanachama wa Kisii: Jiwe la sabuni la kule Tabaka je, ni talki?
Jibu: Hapo chukua kipimo cha jiwe lenyewe kwa spektromita ya mkononi, ndugu yangu. Talki ina bonde karibu na 2310. Ukiona bonde kali karibu na 2167, ni pirofilaiti. Likiwa 2200, ni maika. Jiwe moja laweza kuwa na zaidi ya moja.

Mwanachama wa Kakamega: Inaonyesha dhahabu?
Jibu: Hapana. Dhahabu haina bonde lake katika mawimbi haya, tena ni gramu chache ndani ya tani ya mwamba. Unachoweza kutafuta ni maika, udongo na oksidi za chuma zinazoandamana na mishipa ya dhahabu. Na Kakamega imejaa majani. Tafuta mahali palipochimbwa au kulimwa.

Mwanachama wa Bondo: Bando langu ni dogo.
Jibu: Pakua faili la mwakisiko peke yake, linakaribia gigabaiti 2. La makadirio ya makosa liache kwanza. Mkiwa watatu eneo moja, apakue mmoja, wengine wachukue kwa flashi.