Namna ya Kupima Madai Kuhusu Chakula cha Mifugo cha GMO

Mfugaji wa Uyole, Mafinga au Makambako anayeambiwa kwamba chakula kilichobadilishwa vinasaba (GMO) huwaletea kuku uvimbe na mlaji wa mayai saratani, asimwage gunia kabla hajajiuliza ni kitu gani hasa katika mchanganyiko wake kinachoweza kuwa GMO. Mahindi ya Mbozi au Ludewa pamoja na pumba zake hayamo, kwa kuwa Tanzania haijaruhusu wakulima kupanda mbegu hizo, na hata majaribio yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma, yalisitishwa mwaka 2018. Mashudu ya alizeti nayo hayamo. Dagaa na chokaa havihitaji kujadiliwa. Inabaki soya, na hapo ndipo pa kumuuliza muuzaji imetoka nchi gani: ya Brazil, Argentina na Marekani karibu yote ni GMO, wakati Zambia na India hazijaruhusu soya ya aina hiyo kulimwa. Asiyejua, na wauzaji wengi hawajui, aonyeshe lebo au karatasi za mzigo.

Hatua ya pili ni kuuchunguza ushahidi unaoletewa. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa, ambazo bado zinazunguka kwenye simu, zinatokana na utafiti wa mwanasayansi Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa kuhusu mahindi ya GMO, uliochapishwa mwaka 2012. Panya walikuwa 200, lakini waligawanywa katika makundi mengi kiasi kwamba kila kundi lilikuwa na madume 10 au majike 10 tu, tena wa aina ambayo hupata uvimbe kwa wingi inapozeeka hata ikilishwa chakula cha kawaida. Jarida lililouchapisha liliuondoa utafiti huo mwaka 2013, ukachapishwa upya na jarida jingine mwaka uliofuata, na jaribio la miaka miwili lililogharamiwa na Umoja wa Ulaya kwa mahindi yaleyale halikuona madhara. Utafiti wa nguruwe 168 wa mwaka 2013 nao uliripoti mchochota (kuvimba na kuwa jekundu) zaidi tumboni kwa waliolishwa GMO, ila mchochota huo ulikadiriwa kwa kutazama wekundu wa tumbo kwa macho, bila kupima tishu kwa hadubini. Kwa hiyo, kila unapoletewa dai, uliza wanyama walikuwa wangapi katika kila kundi, walilishwa kwa muda gani, na ugonjwa ulipimwaje.

Upande wa pili wa mizani kuna uchambuzi wa watafiti Van Eenennaam na Young wa mwaka 2014, uliolinganisha kumbukumbu za mifugo zaidi ya bilioni 100 nchini Marekani kabla na baada ya GMO kuingia mwaka 1996, nao haukuona afya ikishuka. Kumbukumbu za namna hiyo zina udhaifu wake: kuku wa nyama huishi wiki chache tu, hivyo haziwezi kujibu kila swali la muda mrefu. Hata hivyo, mimi huzipa uzito kuliko picha.

Tenganisha pia jeni (vinasaba) na dawa ya magugu. Soya nyingi ya GMO ilibuniwa ili ivumilie glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ambayo mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, huku mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikisema mwaka huohuo kwamba haielekei kufanya hivyo. Huo ni ubishi halali, lakini unahusu mabaki ya dawa, na dawa hiyo hupuliziwa hata mashamba yasiyo na GMO.

Kuku wakidumaa au wakipunguza kutaga, kagua kwanza yaliyo karibu. Soya mbichi huzuia usagaji wa protini, iwe ya GMO au ya kienyeji. Ni lazima ikaangwe mpaka inukie na maganda yapasuke kabla ya kusagwa. Baya zaidi ni sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, ambayo huharibu ini la kuku, hupita kwenye maziwa ya ng'ombe, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa ukungu na mvua zetu za Rungwe na Njombe, pima unyevu wa mahindi kabla ya kununua: yatie kwenye chupa kavu yenye chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha uache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado mabichi. Yaanike juu ya turubai, usiyasage.

Ambaye baada ya yote bado hataki GMO, anayo haki hiyo, naye hahitaji kusafiri mbali: anunue soya ya wakulima wa Mbozi au Songea moja kwa moja wakati wa mavuno, aikaange mwenyewe, na aandike kwenye kila gunia tarehe na mahali ilikotoka.