Kabla ya kuzielekeza antena angani, zilishe kelele

Anayeniuliza aanzie wapi kujenga mtambo wa kuchakata papo kwa papo mawimbi ya safu ya antena za redio zinazosikiliza anga, humwambia antena aziache kwanza. Chukua chanzo kimoja cha kelele (mawimbi ya umeme ya kubahatisha), kigawe, uingize kelele ileile kwenye kila mlango wa vigeuzi vya dijiti, vile vinavyogeuza mawimbi kuwa namba.

Vigeuzi vyote vifuate saa ileile moja: wimbi la 10 MHz na pigo la kila sekunde, vyote kutoka chanzo kimoja. Saa mbili “zinazolingana” huachana tu. Zilinipotezea wiki nzima.

Kisha kata kila mkondo kuwa chaneli nyembamba za masafa. Fourier tupu, yaani hesabu ya kutenganisha masafa, haitoshi. Tanguliza kichujio cha polifezi, kinachonoa kingo za kila chaneli, la sivyo kituo kimoja cha redio chenye nguvu kitamwagikia chaneli za majirani. Halafu zidisha mawimbi ya antena na antena, chaneli kwa chaneli, ujumlishe. Hapa ndipo kazi inapovimba: antena 4 ni jozi 6, ila 64 za MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, ni jozi 2,016.

Sasa chora awamu (wimbi moja limetangulia au kuchelewa kiasi gani dhidi ya jingine) dhidi ya masafa kwa kila jozi. Mstari ukiwa bapa, njia mbili zinalingana. Ukiinama, upande mmoja umechelewa. Katika upana wa 100 MHz, mzunguko mmoja kamili wa awamu ni nanosekunde 10, yaani takriban mita 2 za kebo. Sampuli (vipimo vya kigeuzi) nzima zicheleweshe kwa bafa, yaani kumbukumbu ya muda. Sehemu ya sampuli inayobaki iondoe kwa kuzungusha awamu. Na uangalie alama ya kujumlisha au kutoa! Niliwahi kujumlisha pa kutoa, mwinamo ukawa maradufu, nami nikang'oa kebo mbili zisizo na kosa lolote.

Awamu ikirukaruka, shuku mtandao unaobeba data kutoka kwenye vigeuzi. Kila kifurushi cha data kipe namba ya mfululizo. Kikipotea, jaza sifuri, weka alama, endelea. Usikisubiri, kwa sababu vigeuzi havikusubiri wewe.

Hayo yakitulia, unganisha antena uzielekeze kwenye Jua, zikiwa ndogo. Usifidie bado mwendo wa anga. Awamu ya kila jozi inapaswa kuzunguka taratibu kadiri Dunia inavyojizungusha, na jozi za mbali mashariki–magharibi huzunguka haraka zaidi. Ikiganda tu, hilo si Jua: antena zako zinasikia kelele ya vifaa vyako mwenyewe.