Kutunza vimiminika vinavyoshika moto kirahisi katika maabara ya chuo

Asetoni, kimiminika cha kuyeyushia na kusafishia, hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Etha, kiyeyushi kingine cha maabara, hufanya hivyo kwenye nyuzi 45 chini ya sifuri. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, chupa iliyoachwa wazi ni hatari muda wote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa mezani hadi kwenye jiko la gesi lililo mbali, kisha moto hurudi hadi chupani.

Mezani acha kiasi cha kazi ya siku tu. Kilichobaki kifungie kwenye kabati la chuma, chini ya usawa wa macho, mbali na asidi. Friji ya nyumbani haifai kabisa, kwa sababu themostati (kidhibiti cha joto) na swichi ya taa hutoa cheche ndani yake.

Etha iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Ikikaa huunda peroksidi zinazolipuka, kwa hiyo ikifika miezi 6 itolewe. Ukiona fuwele kwenye kifuniko, usiiguse chupa, ita msimamizi.

Kosa baya kuliko yote hutokea kwenye taka: asidi ya nitriki kumiminwa katika chupa ya mabaki ya ethanoli au asetoni. Gesi hujikusanya polepole, na chupa iliyofungwa hupasuka baadaye, pengine usiku. Tenga chupa, ziandike, usijaze zaidi ya asilimia 80.

Bika (chombo cha kioo cha maabara) ikiwaka, ifunike kwa kigae na ufunge gesi. Kwa kimiminika kinachowaka kilichomwagika mezani, tumia kizimamoto cha kaboni dioksidi. Maji husambaza etha inayowaka.