Taa ya kuchaji chini ya gari: mimi naitumia hivi

Kabla ya kuibandika kwa sumaku yake chini ya gari, naipapasa mgongoni. Nikihisi betri imetuna hata kidogo, siichaji tena. Ya kwanza ilivimba hadi kifuniko kikaachia: niliisahau kwenye dashibodi, jua la saa saba likaichoma. Betri ya lithiamu haivumilii joto.

Naichaji nikiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na matambara yenye oili. Kitandani, kamwe! Waya uliochubuka natupa.

Kazi ya tangi la petroli naiacha hadi mchana, nje, penye upepo. Swichi ndogo tu yaweza kutoa cheche, na mvuke wa petroli hautaki zaidi ya hapo.

Tena, jamani, msimmulike fundi mwenzenu machoni wakati mkono wake uko karibu na feni.