Barua pepe za kughushi: namna ya kuzitambua na kuzizuia

Anwani ya mtumaji unayoiona juu ya barua pepe ni maandishi tu. Itifaki ya SMTP ya mwaka 1982, yaani kanuni za kusafirisha barua pepe, haikuwekewa njia ya kuhakiki mtumaji, na programu za kughushi hupenya hapo: hujaza anwani ya mkurugenzi kwenye sehemu ya From, kisha mhasibu anaombwa kubadilisha akaunti ya malipo. Programu hizo usizipakue hata kwa kujaribu. Zile zinazogawiwa ovyo mtandaoni huweza kubeba programu hasidi.

Ukitilia shaka barua, usijibu wala usifungue kiambatisho. Katika Gmail kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu karibu na kitufe cha kujibu, uchague “Show original”. Tazama kwanza mstari wa DMARC, ukaguzi wa kikoa cha mtumaji (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @). SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, peke yake haitoshi: tapeli anaweza kupata PASS (imepita) kwa kikoa chake mwenyewe, alichokiweka kwenye Return-Path, anwani ya kurejeshea barua ambayo huioni. DMARC hudai SPF au DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) ipite, tena kwa kikoa kilekile kilichoandikwa kwenye From.

FAIL (imefeli) nayo si lazima iwe utapeli, kwani barua halali ikipitishwa kwenye sanduku jingine, SPF huvunjika. Kibaya zaidi ni PASS ya kikoa kinachofanana na cha kweli, chenye tarakimu 1 badala ya herufi l. Kisome herufi kwa herufi. Akaunti iliyodukuliwa pia hupita vipimo vyote, kwa hiyo suala la fedha lithibitishwe kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Kama unasimamia kikoa, weka kwenye DNS (kumbukumbu za kikoa mtandaoni) rekodi ya TXT, yaani ya maandishi, yenye jina _dmarc, ianze hivi: v=DMARC1; p=none; rua=mailto: ikifuatiwa na anwani ya kupokelea ripoti. Zisome kwa wiki kadhaa, maana mfumo wa ankara au wa jarida unaotuma barua kwa kikoa chako husahaulika mara nyingi. Ukishaurekebisha, panda hadi p=quarantine (barua zinazofeli ziende kwenye taka), kisha p=reject (zikataliwe). Wengi huishia kwenye none, nayo haizuii chochote.

Rekodi ya SPF iwe moja tu, na isizidi maulizo 10 ya DNS. Ukikiuka, ukaguzi wote wa SPF hufeli. Kikoa kisichotuma barua kabisa kiwekee v=spf1 -all pamoja na p=reject leo hii.